Kuchagua hadi diski mpya ya kompyuta ya nyumbani: fungua keisi kabla ya pochi

Kompyuta nyingi za mezani zilizomo majumbani mwetu, Unguja na Pemba, ni za mtumba: Dell OptiPlex, HP, Lenovo, zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika madukani kwetu. Ni mashine imara, na nyingi bado zina nguvu. Kinachotangulia kuchoka ni hadi diski. Ndipo mtu anapoingia dukani, akaulizwa "unataka ya GB ngapi?", akataja namba iliyomjia kichwani, akalipa, akarudi nyumbani na kitu ambacho ama hakiingii, ama hakionekani, ama hakimsaidii chochote.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu asiyetaka kurudi dukani mara mbili, hasa yule wa Micheweni au Makunduchi ambaye kila safari ya mjini ni nauli na siku nzima. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: suala la ukubwa liwe la mwisho. La kwanza ni kompyuta yako inapokea diski ya aina gani. La pili ni vitu gani vilivyomo ndani yake ambavyo vikipotea huvipati tena. Ukishayajibu hayo mawili, kuchagua kunakuwa kwepesi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ugonjwa ni wa diski kweli

Kompyuta kuwa nzito si ushahidi wa kutosha. Huenda RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ni ndogo, huenda imeingia virusi, huenda feni imejaa vumbi na prosesa inajipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Dalili zinazoelekeza kwenye diski ni nyingine: mlio wa tak, tak, tak unaojirudia kwa mpangilio, faili iliyofunguka jana na leo inakataa, kunakili folda kukafika katikati kukaganda, taa ya diski isiyozimika hata dakika kumi baada ya Windows kuwaka.

Ili usibahatishe, weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Kila diski hujiandikia kumbukumbu ya afya yake, inayoitwa SMART, na programu hii huisoma na kukuonyesha. Mistari ni mingi, usibabaike, tazama minne tu. Mstari wa 05 huhesabu vipande vya sahani (yale maduara ya kuhifadhia yanayozunguka ndani ya diski) vilivyokwisha kuharibika na diski ikavihamishia kwenye akiba yake. C5 ni vipande ambavyo imeshindwa kuvisoma na bado haijaamua ivifanye nini. C6 ni vile vilivyoshindikana moja kwa moja. Mitatu hii ikiwa juu ya sifuri, na inaongezeka kila ukitazama, diski hiyo inakufa na haina dawa. (Namba za upande wa kulia programu huzionyesha kwa mfumo wa kumi na sita, wenye herufi ndani yake, ingia kwenye mipangilio uzibadilishe ziwe za kawaida, usije ukaogopa bure.)

Mstari wa nne ni C7, nao ndio ninaousisitiza kuliko yote, maana humwokolea mtu pesa. C7 huhesabu makosa yanayotokea njiani, kati ya diski na madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ikiwa 05, C5 na C6 ni sifuri lakini C7 imepanda, basi diski yenyewe huenda ni nzima kabisa na kilichooza ni waya wa data. Katika nyumba zilizo karibu na pwani hewa ya chumvi haina huruma na shaba: chomoa ule waya, umulike kwa tochi ya simu, na mara nyingi utaona ukijani au weusi kwenye vile vimeno vyake. Waya huo, uitwao SATA, bei yake haifiki hata karibu na bei ya diski. Ubadilishe kwanza, tumia kompyuta wiki moja, kisha tazama tena. Namba ya C7 haishuki kamwe, lakini ikiwa imesimama palepale ilipokuwa, umeshapona na hujanunua diski.

Ikiwa diski ndiyo mgonjwa, acha kuitumia kwa kazi nyingine yoyote. Nakili kwanza picha na nyaraka, filamu baadaye. Usiiendeshee programu ya kurekebisha makosa kabla ya kunakili, kwa sababu huilazimisha kusoma sahani nzima wakati haina nguvu hiyo. Ikiwa inalia tak-tak na ndani yake mna vitu usivyoweza kuvipata tena, zima na usiwashe tena mpaka umpate mtu mwenye zana za kazi hiyo. Wala usikubali mtu aifungue kifuniko mezani kwake ili "aitazame". Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo.

Hatua ya pili: fungua keisi utazame

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Ilaze ubavu, ondoa kifuniko, na kabla hujagusa chochote shika chuma cha keisi ili umeme tuli wa mwilini mwako utoke. Huenda ukakuta mayai ya mjusi kafiri na vumbi jekundu la barabarani. Safisha kwa brashi kavu ya rangi. Usitie maji, usitie mafuta.

Sasa tazama mambo haya, na kila moja ulipige picha kwa simu.

Diski ya zamani imekaa kwenye nafasi ya upana gani? Kompyuta kubwa za mezani huwa na nafasi za inchi 3.5. Zile nyembamba huenda zikatumia inchi 2.5, kama za laptopu. SSD (diski zisizo na sahani) nyingi za SATA ni za inchi 2.5, kwa hiyo zikiingia kwenye nafasi kubwa zinahitaji kibano cha chuma au cha plastiki. Kiulizie hapohapo dukani.

Waya wa data ni wa aina gani? Ukiwa mwembamba, wenye kichwa kidogo mfano wa herufi L, ni SATA, na uko salama. Ukiwa mpana kama utepe, wenye matundu 40, huo ni IDE wa zamani. Kwa kompyuta ya namna hiyo sikushauri ununue diski mpya. Pesa hiyo iweke kwenye mashine nyingine.

Kwenye madabodi pamebaki matundu mangapi ya SATA? Na je, upo waya wa umeme wa ziada wa kuipa diski ya pili? Hili la umeme watu hulisahau. Katika baadhi ya Dell na HP nyembamba umeme wa diski hautoki kwenye pawasaplai bali kwenye madabodi yenyewe, kwa waya maalumu wa kampuni, na huenda ukakuta mdomo mmoja tu. Ukitaka diski mbili utahitaji waya wa kugawa, na ni heri ulijue hilo ukiwa bado nyumbani.

Mwisho, tafuta tundu la M.2: ni kidomo chembamba kilicholala juu ya madabodi, na mbele yake kuna tundu la skrubu moja. Hapo huingia SSD iliyo mfano wa kijiti cha ubani, nyingi zikiwa na upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Usipoliona, usihuzunike. SATA itakutosha.

Andika na jina kamili la kompyuta. "Dell" haitoshi, wala "OptiPlex" haitoshi. Iwe OptiPlex 3020 au 7050, pamoja na umbo lake. Ukiwa na jina hilo na zile picha, muuzaji hana nafasi ya kukupa kitu cha kubahatisha.

Hatua ya tatu: sahani au SSD

Hadi diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa cha kusomea unaokwenda huku na huko. Zile za kasi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, nyingine 5,400. Kila kichwa kinapotafuta faili hutumia takriban milisekunde 10 kufika pahala pake. Kwa faili moja huhisi kitu. Lakini Windows inapowaka hutafuta maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na hapo ndipo unapoweza kwenda kutia chai, ukarudi, ukakuta kile kiduara bado kinazunguka.

SSD haina kitu kinachozunguka. Faili yoyote huipata kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Madukani hutajwa zaidi kasi ya faili moja kubwa, yaani MB 100 hadi 200 kwa sekunde kwa sahani na takriban 550 kwa SSD ya SATA, lakini faida kubwa kwa mtu wa nyumbani iko kwenye vile vifaili vidogo. Hiyo ndiyo inayoifanya kompyuta ya mwaka 2013 iwake kwa nusu dakika.

Kwa hiyo katika hili sina kigugumizi: Windows ikae kwenye SSD. Usinunue diski ya sahani kwa ajili ya kuwashia kompyuta, hata ukiuziwa kwa nusu ya bei. Sahani kazi yake ni ghala. Kwa kila terabaiti bei yake ni rahisi zaidi, na ikianza kuugua mara nyingi hutoa ishara, ukapata muda wa kunakili. SSD huweza kufa ghafla bila hata kikohozi, na kuvirudisha vilivyomo ni kazi ngumu mno.

Mpango unaofaa nyumba nyingi, kama nafasi na nyaya zipo, ni mbili kwa pamoja: SSD ya GB 240 hadi 500 ya mfumo na programu, na sahani ya TB 1 au 2 ya picha, video na mihadhara. Penye nafasi ya moja tu, chukua SSD ya GB 500 au TB 1, na ghala lifanye kwenye diski ya nje.

Watu huuliza, "SSD si huisha kwa kuandikwa?" Huisha, ila si haraka namna hiyo. Kiwanda hutaja kipimo kiitwacho TBW, yaani terabaiti ngapi unaweza kuandika katika kipindi cha waranti. Kingston A400 ya GB 240 imetajiwa 80. Samsung 870 EVO ya TB 1 imetajiwa 600. Nyumba inayoandika GB 20 kila siku, nayo ni nyingi kwa kazi za skuli na kutazama video, itachukua takriban miaka 11 kuzimaliza hizo 80.

Jambo moja la SSD lenye uzito zaidi kwetu ni kukaa bila umeme. Data ndani yake ni chaji ya umeme iliyonaswa, na chaji huvuja polepole, haraka zaidi kwenye joto. Kiwango kinachofuatwa na watengenezaji kinataka SSD ya nyumbani iliyokwisha kutumika mpaka kikomo chake bado iweze kushika data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30. SSD changa hushika muda mrefu zaidi kuliko huo. Hata hivyo, stoo yenye paa la bati mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 bila shida. Kwa hiyo nakala ya pekee ya picha za wazee wako usiiweke kwenye SSD ukaifungia kabatini miaka.

Hatua ya nne: kama kuna tundu la M.2

SSD za M.2 ni aina mbili na kwa macho zinafanana: za SATA na za NVMe. Kwa kawaida ya SATA huwa na mikato miwili kwenye meno yake, na ya NVMe mkato mmoja. Kuna matundu yanayopokea zote mbili, mengine moja tu, ndiyo maana nikasema andika jina kamili la kompyuta. Tafuta maelezo yake kwenye tovuti ya kampuni, yapo.

NVMe ni ya kasi sana, MB 3,500 kwa sekunde kwa kizazi cha tatu (PCIe 3.0) na karibu 7,000 kwa kizazi cha nne (PCIe 4.0). Kompyuta za kabla ya mwaka 2014 hivi kwa kawaida haziwezi kuwasha mfumo kutoka NVMe, hata ukiichomeka kwa kadi ya kuunganishia. Diski itaonekana baada ya Windows kuwaka, lakini Windows yenyewe haitowaka kutoka hapo. Na ikiwa tundu lako ni la kizazi cha tatu, SSD ya kizazi cha nne itafanya kazi kwa mwendo wa tundu. Usilipie kasi usiyoweza kuipata. Kwa anayeandika barua, kutazama video na kuwasaidia watoto kazi za skuli, tofauti ya NVMe na SATA ni ndogo sana; tofauti ya kutoka sahani kwenda SSD yoyote ndiyo kubwa.

Hatua ya tano: hesabu ukubwa

Bonyeza folda zako kwa kitufe cha kulia, tazama uzito wake, jumlisha. Kisha fikiria kinachokuja, na kinachokula nafasi katika nyumba zetu ni video. Simu nyingi hurekodi video ya 1080p kwa takriban MB 100 hadi 150 kila dakika. Harusi moja, tuseme usiku wa singo, nikaha na harusi ya kike, ikikupa saa 3 za video, ni GB 20 na zaidi. Familia kubwa haikosi harusi kadhaa kwa mwaka. Chukua jumla uliyonayo leo uizidishe mara mbili, utakuwa umeona mbali vya kutosha.

Diski ya TB 1 Windows itaionyesha kama GB 931. Hujadhulumiwa. Kiwanda huhesabu terabaiti kuwa baiti trilioni moja, Windows hugawa kwa 1,024 badala ya 1,000.

Ukivuka TB 2, lazima diski igawanywe kwa mpango wa GPT, kwa sababu ule wa zamani wa MBR hauoni zaidi ya hapo. Kama ghala, diski ya TB 4 itakubali kwenye kompyuta nyingi za zamani zenye Windows ya kisasa. Kuwashia mfumo kutoka humo ni habari nyingine, inataka madabodi yenye UEFI, yaani programu ya kisasa ya kuwashia kompyuta.

Hatua ya sita: soma lebo, usisome boksi

Hadi diski za sahani leo zinatengenezwa na kampuni tatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina lingine lolote unaloliona kwenye boksi, ndani yake mna diski ya mmoja wa hawa, na huenda si mpya.

Western Digital hutumia rangi. Blue ni ya kompyuta ya kawaida, Black ni ya kasi na waranti ndefu, Red ni ya mashine za kuhifadhia za mtandao, Purple ni ya kamera za ulinzi. Seagate kwa kamera huziita SkyHawk na kwa kompyuta huziita BarraCuda. Nazitaja za kamera kwa sababu Zanzibar ziko tele. Kila hoteli na kila duka lina kamera, na wauzaji huwa nazo. Je, inafaa kwa kompyuta ya nyumbani? Kwa ghala la video inafaa. Kwa mfumo haifai, imeundwa kwa kuandika mfululizo bila kusimama, siyo kurukaruka kutafuta vifaili.

Kuna jambo halijaandikwa kwenye maboksi mengi: namna njia za data zilivyopangwa juu ya sahani. Katika CMR njia hukaa ubavu kwa ubavu. Katika SMR hupandana kama makuti ya paa, hivyo ukitaka kubadilisha njia moja diski hulazimika kuziandika upya na zile za jirani yake. Kusoma hakuna tatizo, lakini ukinakili GB 200 kwa mara moja huanza vizuri kisha mwendo huporomoka. BarraCuda ya TB 2 yenye namba ST2000DM008 ni SMR. WD Blue ya TB 1 yenye namba WD10EZEX ni CMR na huzunguka mara 7,200. Mwaka 2020 Western Digital ililalamikiwa sana ilipobainika imetia SMR kwenye baadhi ya diski za Red bila kusema, na tangu hapo kampuni hizi huchapisha orodha. Itafute kwa namba ya modeli. Kwa ghala unalotia kidogo kidogo SMR itakustahamilia. Kwa kazi ya kuhariri video, iepuke.

Hatua ya saba: dukani

Uende Darajani, Mlandege, Michenzani, au Chake Chake, sheria ni moja: diski ijaribiwe mbele yako kabla pesa haijatoka. Sema kwa adabu, "Shekhe, naomba uichomeke kwenye kompyuta yako niitazame." Muuzaji mwema hakatai. Akikataa, mshukuru, endelea na njia.

Ikishachomekwa, fungua CrystalDiskInfo na tazama saa ilizotumika na mara ilizowashwa. Mpya kweli itakuwa na sifuri au saa chache za majaribio. Diski ya kamera hufanya kazi usiku na mchana, saa 8,760 kwa mwaka. Ukikuta 26,000, hiyo imelinda mlango wa mtu miaka mitatu. Namba ya utambulisho wa diski (serial number) kwenye lebo ifanane na ya kwenye programu, kisha iingize kwenye ukurasa wa waranti wa kampuni ukiwa bado umesimama dukani. Baadhi ya diski ziliuzwa kwanza kwa viwanda vya kompyuta na hazina waranti kwa mnunuzi wa kawaida.

Saa nazo huweza kufutwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 iligundulika Ulaya kuwa diski za Seagate za daraja la seva zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kumbukumbu ya SMART ikiwa imerudishwa sifuri. Seagate ikasema haikuziuza yenyewe hivyo. Zilikamatwa kwa sababu zina kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, ambayo wafutaji hawakuigusa. Programu ya smartctl huisoma kwenye diski nyingi za Seagate. Pia tumia macho: mikwaruzo kwenye matundu ya skrubu na alama kwenye meno ya SATA hazisemi uongo.

Kwa SSD, hatari kubwa ni feki zenye ukubwa wa uongo. Ukiona SSD ya TB 4 inauzwa bei ya GB 240, ndani mna kipande kidogo kilichodanganywa kijitaje kikubwa. Itaandika mpaka ijae, kisha itaanza kuandika juu ya faili za mwanzo na kuziharibu huku ikikuonyesha kila kitu ni sawa. Kinga ni H2testw, programu ya bure inayojaza diski yote kisha ikasoma tena kila ilichoandika. Huchukua saa nyingi, kwa hiyo kubaliana na muuzaji muda wa kurudisha na uandikwe kwenye risiti, kisha fanya jaribio usiku huohuo.

Anayeagiza Kariakoo, Dar es Salaam, azingatie kuwa kurudisha ni boti nyingine. Muombe anayekununulia afanye majaribio hayo palepale, na diski ya sahani aipakate mkononi ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na kitambaa juu yake. Asiitie kwenye begi linalorushwa bandarini Malindi.

Hatua ya nane: kuifunga na kuiwasha

Kufunga ni kazi nyepesi: skrubu nne, waya wa data, waya wa umeme, vyote huingia upande mmoja tu, usilazimishe. Tundu dogo la kupumulia juu ya diski ya sahani usilizibe kwa stika wala gundi.

Diski mpya ya pili haitoonekana kwenye orodha ya diski zako mara ya kwanza, na wako wanaoirudisha dukani wakidhani imekufa. Bonyeza kitufe cha Windows kwa upande wa kulia wa mausi, fungua Disk Management, ianzishe kwa GPT, tengeneza sehemu, ipe herufi.

Kwa kuhamisha mfumo, Clonezilla ni ya bure na hunakili diski nzima. Ila kama ile ya zamani ilikuwa na makosa, weka mfumo upya, usihamishe uchafu. Na kumbuka Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyokubali Windows 11 inaishi vizuri na Linux Mint, mfumo wa bure, kwenye SSD ya GB 240.

Hatua ya tisa: umeme na nakala

Waliokuwepo Unguja wanaukumbuka mwezi mzima wa giza mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, wakati waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara ulipoharibika. Siku hizi tatizo la kila siku ni umeme kwenda na kurudi ghafla, na kule kurudi ndiko kunakoumiza zaidi. Diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, faili huvunjika. SSD za nyumbani nyingi hazina akiba ya umeme ya kumalizia zilichoanza. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya VA 650 inatosha kompyuta moja na skrini yake kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Ningependa uchukue SSD ya GB 240 na UPS kuliko ya GB 500 bila UPS.

Nakala ziwe tatu: iliyomo kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na nyingine nje ya nyumba yako, kwa ndugu au mtandaoni. Diski ya nje ichomoe ukimaliza kunakili.

Hatua ya kumi: ile ya zamani

Naomba hapa usiharakishe. Ndani ya diski zetu mna picha za harusi za kike, mama zetu na dada zetu wakiwa hawana mabuibui, waliopigwa kwa kuaminiana kwamba hazitotoka nje ya ukumbi. Mna nakala za vitambulisho na hati za viwanja. Kufuta folda na kumwaga pipa la takataka hakuondoi chochote kwenye sahani. Kijana mwenye programu ya bure ya kurejesha faili atazipata kwa mchana mmoja. Kwa hiyo diski ya zamani usimwachie muuzaji akupunguzie bei, wala usiiache kwa fundi "atanitazamia siku moja".

Ikiwa bado nzima, inunulie keisi ya nje ya USB iwe nakala yako. Ukitaka kuiuza, ifomati kwa njia kamili, siyo ile ya haraka. Windows tangu Vista huandika sifuri diski nzima kwa njia hiyo, na TB 1 huchukua saa kadhaa. SSD ifutwe kwa programu ya kampuni iliyoitengeneza, yenye amri ya kufuta kila seli. Na ikiwa imekufa, haiwaki kabisa, ifungue kifuniko, vaa miwani na glavu kwa sababu sahani za inchi 2.5 mara nyingi ni za kioo, uzivunje au uzitoboe kwa drili. Kwa SSD hakikisha kila chipu nyeusi imepasuka, mbele na nyuma ya bodi.